Nozeli Nne Zilizobaki

Nyumba 1174, Kitongoji V,
Umlazi, Durban.
26 Juni 2016

Mpendwa Dada Khethiwe,

Salamu nyingi kutoka nyumbani. Natumai barua hii itakukuta mzima, na kwamba ule mgongo uliokusumbua wakati wa Pasaka umekuachia. Bado wanakupanga zamu za usiku wewe tu? Waambie hao wakuu wako wa wodi huko Cork kwamba na wewe umezaliwa na mtu.

Sisi hatujambo kiasi. Baridi imeingia kweli mwaka huu. Mama yako anavaa lile koti lako la zamani mpaka jikoni, ukimwambia alivue anasema limekuzoea wewe na yeye linamzoea sasa. Presha yake ilipimwa Alhamisi haikuwa mbaya. Mwanao Mvelo ni mzima wa afya, anakula, anakwenda kazini. Hajanisalimia kwa wiki mbili sasa, na sababu yake nitakueleza humu humu. Ila ujue kwanza kwamba ni mzima.

Utashangaa kupata karatasi kutoka kwangu, mimi ambaye hata risiti za gereji naandika kwa shida. Ujumbe wa simu mtu anaweza kuutuma asubuhi na kuufuta mchana. Haya ninayokuandikia sitaki niweze kuyafuta.

Mazishi ya Nhlaka yalikwenda vizuri, tarehe 11, Jumamosi. Watu walijaa hadi barabarani. Ng'ombe alitosha, pombe ya mtama ilitosha, na wale wanakwaya wa kanisa la mama yako waliimba mpaka sauti zikakauka. Kila mtu aliuliza habari zako. Tuliwaambia ruhusa ilikataliwa, wakasikitika. Najua uliumia kutomzika mdogo wako, wewe uliyemlea. Pole, dada. Neno hilo ni dogo lakini sina jingine.

Sasa nianze. Nozeli ni vile vimirija vinavyopuliza petroli ndani ya injini, kila silinda na ya kwake. Wewe wa sindano utanielewa haraka: kipimo kikizidi mgonjwa anadhurika, kikipungua pia anadhurika. Mwezi wa Aprili Nhlaka alifunga turbo, ile feni ya kusukumia hewa, kwenye ile Golf yake, injini ikawa inavuta hewa nyingi kuliko petroli ambayo nozeli za zamani ziliweza kutoa. Gari la namna hiyo ukilikanyaga linayeyusha pistoni. Nikamwambia atulie mpaka nipate nozeli kubwa zaidi.

Nilizipata kwa muuza vyuma chakavu, zimetoka kwenye gari jingine kabisa. Nilipima zinatoa kiasi gani kwa dakika. Nilipima umeme wake, zisije zikaiunguza kompyuta ya gari. Nikatazama plagi, nikatazama zinavyopuliza, nikafurahi mwenyewe. Jambo moja tu halikulingana: zilikuwa fupi kwa milimita nne.

Milimita nne utasema si kitu. Lakini nozeli hukaa imebanwa, bomba la petroli juu yake na injini chini yake, na kinachozuia petroli isivuje ni oringi, kipete cha mpira tu. Ikiwa fupi haibanwi sawasawa. Dawa yake ni vikofia vya chuma vya kuongezea urefu. Niliviagiza Johannesburg, wakaniambia Jumatano.

Nhlaka alitaka gari lake Jumamosi. Ulimjua mdomo wake. "Binamu, fundi mzima unashindwa na milimita nne?" aliniambia mbele ya wateja wangu. "Nikupeleke kwa wale mafundi wa Chatsworth wakufundishe?" Watu wakacheka, nami nikavimba kichwa. Nikazivalisha kila moja oringi mbili badala ya moja, nikaziba ile nafasi kwa mpira, nikamwashia gari. Liliimba, dada. Tulipeana mikono.

Muuzaji hakutaka kuzitenganisha, kwa hiyo nilinunua nane. Nne zikaenda kwa Nhlaka. Nne nilimfungia Mvelo wiki hiyo hiyo, kwa namna ile ile, maana naye alishafunga turbo kwa kumwiga mjomba wake. Nilimwambia ni mpya kutoka dukani. Hesabu ya nane niliijua mimi na muuzaji tu, na muuzaji hamjui mtu yeyote wa ukoo wetu.

Jumapili tarehe 5 unajua kilichotokea kule Camperdown. Polisi waliandika mwendo kasi. Walisema pia gari lilikuwa linawaka kabla halijagonga ukuta, ila hapo hakuna aliyeuliza zaidi. Mimi niliposikia moto nilijua. Petroli ilivuja ikaiangukia turbo, na turbo ikiwa kazini inakuwa nyekundu kwa joto. Nilijua, nikanyamaza, nikazunguka msibani nikipokea pole pamoja na wafiwa.

Ijumaa asubuhi tulikwenda kuichukua roho yake kwa tawi la mkunazi, ili asibaki barabarani. Baba yako mdogo, mjomba wangu Mfanafuthi, ndiye aliyelishika. Unaujua mwiko: mwenye tawi haongei na mtu aliye hai mpaka afike nyumbani, anaongea na marehemu tu, na wengine wote wanafunga midomo. Mimi niliendesha pikapu yangu. Mama yako alikaa mbele. Mjomba alikaa kiti cha nyuma na tawi, na kando yake tukaacha nafasi.

Lami pale bado ni nyeusi. Mjomba alisimama kando ya barabara, malori yanampita, akamwita kwa jina la sifa la ukoo wenu, akasema kwa sauti ya kawaida kabisa: "Nhlakanipho, Mapholoba, hapa ndipo ulipoanguka. Hapa si kwenu. Panda gari twende kwa mama yako." Akalaza tawi chini mahali pale, akaliinua, tukapanda.

Mwanzo alimwelekeza kama mtu anayemshika kipofu mkono. Sasa tunageuza gari. Sasa tunapita Cato Ridge. Hapo ndipo nilipoanza kusikia harufu ya petroli. Pikapu yangu inatumia dizeli, dada. Sikuwa na galoni, sikuwa na kitambaa chenye mafuta, niliiosha ndani na nje kwa ajili ya safari ile. Nilifikiri ni mimi peke yangu ninayeisikia, mpaka nikaona mama yako anavuta shali na kuziba pua. Alifungua dirisha. Harufu haikutoka.

Mjomba aliacha kumwelekeza njia. Halafu akasema, "Fupi?"

Akatulia kama anayesikiliza simu yenye mtandao mbaya. "Nini fupi, mwanangu? Sema polepole."

Mjomba Mfanafuthi alikuwa karani wa posta miaka thelathini. Hajui hata oili inatiwa wapi. Na sikuruhusiwa kumuuliza, wala yeye kunijibu, na kulikuwa na kilomita nyingi mbele yetu.

Tulifika Mariannhill tukasimama kulipia barabara. Binti wa kwenye kibanda akamsalimia mjomba kwa heshima, baba hujambo. Mjomba akaligeukia tawi: "Hapa wanadai ushuru, Mapholoba, usishuke." Yule binti aliurudisha ndani mkono wangu pamoja na pesa, akainua kizuizi, akatazama pembeni. Siku nyingine ningecheka.

Tulipoanza kuteremka kuja huku, mjomba akasema tena: "Kuna jingine?" Kimya. Kisha: "Ngapi?" Kimya kirefu zaidi. "Nne. Haya, nimesikia. Zimebaki nne."

Sikutazama kioo. Hata leo nikiendesha pikapu ile natazama vioo vya pembeni tu.

Nyumbani tuliliweka tawi mahali pa wazee waliotangulia, kule ndani mwisho wa chumba cha bibi, na mjomba akawa huru kuongea. Nilimfuata bombani akinawa. Nilimuuliza marehemu alisema nini njiani. "Sikumwelewa vizuri," alinijibu. "Alikuwa analalamika kitu ni fupi. Halafu akasema zimebaki nne, kana kwamba kuna mtu anayezijua." Akajifuta mikono, akanitazama. "Wewe unazijua, Zakhele?"

Nikasema sizijui. Hata pale, dada, nilisema sizijui.

Kisha nikaenda moja kwa moja kwa Mvelo. Alikuwa anapaka gari lake nta, kwa sababu kesho yake alipangwa kutangulia mbele ya jeneza, yeye na wenzake watatu, waungurumishe injini hadi makaburini. Nilifungua boneti bila kumwambia neno, nikafungua bomba, nikazichomoa nozeli. Tatu zilikuwa kavu. Ya nne, oringi ya juu ilikuwa imeminywa na kukatika, imebaki kiunyuzi kinachoshikilia. Nikakaa chini kwenye zege.

"Mjomba, umeniulia gari," Mvelo akasema. "Kesho namsindikiza mjomba Nhlaka na nini, baiskeli?"

Nilimwambia atapanda basi na bibi yake. Alipanda basi, akiwa amenuna njia nzima, na wenzake wakamcheka. Nilimtazama kupitia dirisha la basi lile amekunja uso, nikamshukuru Mungu nikalia. Waliokuwa karibu walidhani namlilia Nhlaka. Nilikuwa nawalilia wote wawili.

Jumapili iliyopita nilishindwa kubeba. Nilikwenda kwa mama yako, mjomba akiwepo, nikawaambia: nozeli nane, milimita nne, oringi mbilimbili. Niliwaambia sikujua zitavuja. Mjomba akasema, "Basi alilotaka kulisema amelisema." Harufu ile ilikuwa imekaa chumbani kwa bibi tangu siku ya tawi, mama yako alikwishapiga deki mara tatu. Tulipotoka hapo haikuwepo.

Mama yako hakunifukuza wala hakunilaumu, na hilo liliniumiza zaidi. Alilikunja shali lake, akalikunjua, akalikunja tena. "Khethiwe ndiye aliyembeba mgongoni," alisema. "Mwandikie. Atakalolisema yeye ndilo."

Kwa hiyo neno liko kwako. Mwezi wa Septemba ukoo utakaa kuoga msiba na kuvua nguo nyeusi. Ukisema niingie ninawe mikono pamoja nanyi, nitaingia. Ukisema nisivuke geti, nitakaa nje, na sitamlalamikia mtu.

Nisalimie shemeji Lindokuhle na watoto, na yule jirani yako wa Kenya anayekupikia chapati. Mama yako anakusalimu sana na anaomba picha ya theluji, ile ya mwaka jana imepotea. Mjomba Mfanafuthi anakusalimu. Mvelo hajui kwamba nakuandikia, lakini ukimpigia mwambie anisalimie, hata kwa kununa.

Nilikusudia kufunga barua hapa, nimeweka kalamu chini mara mbili. Lakini huwezi kuamua juu ya jambo ambalo hujaambiwa lote. Niliwaambia wazee sikujua. Wewe sitakuambia hivyo.

Asubuhi ile ya Jumapili, kabla hajaondoka, Nhlaka alipitia kwangu. Aliacha injini inanguruma, akafungua boneti, akaniita nikiwa bado na mswaki mdomoni. Aligusa chini ya nozeli ya tatu, akaninyooshea kidole. Kilikuwa kimelowa. "Binamu," akasema, "hii vipi?" Hakuwa anatania. Aliniuliza kama mtu anavyomuuliza daktari wake. Tangu Jumatano vile vikofia vilikuwa vimefika, vilikuwa kwenye rafu ndani ya boksi lake, na ilikuwa kazi ya saa mbili. Lakini ningemwambia azime gari, ingebidi nimwambie kwamba nilikosea. Nikamwambia ni maji ya kuoshea injini, yatakauka njiani. Nikakishika kidole chake, nikakifuta kwa kitambaa changu, na yeye akafunga boneti akaenda.

Mungu akulinde huko ugenini, akushike mkono usomapo haya.

Ni mimi binamu yako, ninayekupenda hata kama hutanijibu,
Zakhele Shezi