Gauni la Msimamizi

Nyumba yenye cherehani barazani,
Nyuma ya kituo cha mafuta.
Jumapili, siku tisa kabla ya kupiga kura.

Mpendwa wifi yangu,

Hujambo huko mbali? Goti lako linaendeleaje, na mapacha wameshaota meno? Sisi huku wazima wa afya, ila roho juu juu. Kaka yako amejaza unga hadi chini ya kitanda. Nalala kama niko stoo.

Sokoni ukiuliza bei ya vitunguu wanakutazama nguo kwanza. Kuna watu wa chama cha buluu na watu wa chama cha nyekundu, na salamu zimekatika.

Sasa kaa nikupe la maana. Mwanao, huyu binti yangu, ameteuliwa msimamizi wa kituo cha kura! Shule ile ile aliyosoma. Walioomba ni wengi, wakamwona yeye. Akili kachukua kwetu, wifi. Kwenu kachukua miguu tu.

Kwa furaha nikamshonea gauni, kola safi, mifuko miwili, nikalitundika barazani watu waone. Wakaona. Lilikuwa buluu! Haki ya Mungu, mimi niliona kitambaa kizuri tu. Fundi simu, mtu wa buluu, akapita akipiga mbinja: "Mama, ushindi huo!" Muuza nyama, wa nyekundu, akaja na aproni yake: "Kumbe kura zimeshahesabiwa?" Akaapa kupeleka malalamiko mwanao aondolewe.

Mwanao hakunigombeza. Alisema tu, "Mama, wasiponiamini mimi, hata hesabu hawataiamini." Nikanywea. Unakumbuka mwaka ule hesabu ilipokataliwa, tulivyojifungia ndani siku nne. Hofu hiyo ndiyo nilikuwa naifunika kwa majigambo.

Kesho yake nikachemsha rangi ya kahawia kwenye sufuria kubwa pale pale barazani, nikawaita wote wawili washuhudie, nikalitumbukiza gauni. Likatoka rangi ya tope, rangi isiyo na jina. Muuza nyama akaligeuzageuza, akakagua hadi mishono.

"Hili halina chama," akasema.

"Wala uzuri halina," akajibu fundi simu.

Wakacheka pamoja, mara ya kwanza tangu kampeni zianze! Nami nikacheka, ingawa uzuri lilikuwa nao, niulize mimi. Malalamiko hayakwenda popote.

Jana mwanao kanipa onyo: siku ya kura nisimwite mwanangu. Nipange foleni, nitoe kadi, atanitazama kama hanijui. Mimi, nisiyejua kunyamaza! Nafanya mazoezi mbele ya kioo. Nitapita kimya, wifi, na wewe peke yako utajua kifua kilivyonijaa.

Nisalimie bwana yako mkimya, uwabusu mapacha, na umwambie shangazi mkubwa mto wake nimeshaushona. Mungu atupe siku tulivu, na wewe akupe goti jepesi.

Nikupendaye, na matokeo hayo hayabadiliki,

Wifi yako,
Mama Msimamizi
(lakini usimwambie mtu)