Mjane Atatangulia

Jumatatu, 2 Juni

Tuketi wangu,

Leo nimerudi kazini, mara ya kwanza tangu tukuzike. Nakusimulia wewe kwanza, kama tulivyozoea. Kiwanda ni kile kile — mvuke, harufu ya sabuni, mashuka ya hospitali yamerundikana kama mlima. Nimesimama tena na Kidoti, kila mtu na pembe zake mbili. Unaijua kazi yetu: tunavuta, tunakunja, tunakutana katikati, ananiachia pembe zake, anarudi kuchukua shuka jingine. Maneno yetu ni hapo tunapokutana tu. Umbea wote wa kiwanda tumeumaliza kwa vipande namna hiyo.

"Umekula?" Shuka. "Umelala?" Shuka. "Pole, shoga yangu." Hapo nikashindwa. Nikajifuta machozi kwa shuka la watu, na msimamizi akajifanya haoni.

Ile mashine ya pasi iliyomuunguza mama wa zamu ya asubuhi bado haina kinga. Wameipaka rangi mpya. Rangi! Uliketi langoni kwa ajili ya mashine hiyo hadi ukapigwa rungu la kichwa, na wao wameipaka rangi.

Jumatano, 4 Juni

Mdogo wako kaja jioni. Amekonda, ndevu zimemwota ovyo. Anasema Jumamosi wafanyakazi wataandamana tena hadi lango la kiwanda. Wanataka nitangulie na picha yako. Nikamuuliza, mtakwenda kwa namna gani, shemeji? Akasema kwa namna ya kaka. Tutafika, tutaketi chini, basi.

Nilifurahi mpaka nikaona haya. Nilidhani wamekusahau. Unakumbuka walivyokuwa wakikucheka? "Tuketi, tuketi, kila siku tuketi! Suruali zitaisha kabla ya dhuluma!" Jina likakuganda. Na kweli suruali zako zote zilikuwa na viraka matakoni, nimezishona mimi. Ulikuwa ukisema aliyeketi hasingiziwi kwamba ameanza ugomvi, na siku hizi kila mkono una simu, ukweli utaonekana tu.

Nimekubali. Nimelipiga pasi lile gauni la kijani ulilolipenda.

Alhamisi, 5 Juni

Kidoti hanitazami. Tangu asubuhi mashuka yanatoka upande, pembe hazikutani. Nikamtania: leo vipi, mikono umeazima? Hakucheka.

Shuka. "Jumamosi usije." Shuka. Kwa nini? Shuka. "Utaumia."

Nikazishika pembe zake nikakataa kumwachia. Shuka likaning'inia kati yetu, msimamizi akapiga kelele. Ndipo aliposema, haraka haraka, midomo haifunguki.

Hawaendi langoni. Watakata mtaa wa nyuma hadi nyumbani kwa yule mlinzi aliyekupiga. Petroli wanayo, wameificha kwenye madumu ya sabuni. Mimi niwe mbele kwa sababu polisi hawatathubutu kumpiga mjane aliyebeba picha ya marehemu. Wao watakuwa nyuma yangu.

Nani kapanga? "Shemeji yako." Na madumu, nani kayatoa kiwandani? Akainama kuokota kitu ambacho hakikuwepo sakafuni.

Kidoti! Aliyenishika kiuno nisianguke siku tulipokuzika.

Siwezi kuandika zaidi.

Ijumaa, 6 Juni

Nimekwenda kwa shemeji kabla ya zamu. Sikupiga kelele. Nilimuuliza tu: umenifanya ngao?

Akasema, "Shemeji, dunia ya leo mpole huliwa. Kaka aliketi. Yuko wapi?"

Nakwambia kweli, swali hilo ninalo mpaka sasa. Akanionyesha simu yake. Uso wako ule wa kucheka, na chini yake wameandika: Damu kwa damu. Wewe! Uliyebanwa kidole na mlango ukauomba mlango radhi, tukacheka wiki nzima. Watu wasiokujua wanayasambaza kama maneno yako.

Nikamwambia mlinzi ana mke na mtoto mchanga. "Na wewe ulikuwa na mume," akanijibu, akageuka kufunga viatu.

Nikaenda kituo cha polisi. Askari akanisikiliza huku akichokonoa meno. "Mama, msiba umekuelemea. Nenda kapumzike."

Kiwandani habari zilinitangulia. Nilipoingia wakanigeuzia migongo. Mmoja akasema kwa sauti ya kusikika: kikulacho ki nguoni mwako. Wengine wakaangua kicheko. Kidoti kahamia upande wa taulo bila kuniaga.

Nataka ujue jambo moja. Sijamsamehe yule mlinzi. Nikifumba macho nauona mkono wake ukipanda. Ninataka asimame mbele ya hakimu aulizwe, na mimi niwepo, nimtazame. Lakini kumchoma na mwanawe, tena kwa jina lako? Hapana. Hapana jamani.

Jumamosi, 7 Juni

Niko kizingitini kwa mlinzi. Nimeketi chini, mgongo nimeuegemeza mlangoni kwao. Naandika maana kukaa bure kunanizidishia hofu.

Mke wake alifungua kidogo, mtoto begani. "Unamtaka nani, dada?"

"Simtaki mtu. Nataka kuketi."

Akanitazama vizuri. "Wewe si mke wa..."

"Ndimi."

Nikamweleza kinachokuja. Nikamsihi wakimbilie kwa jirani. Akaingia ndani, nikasikia wakibishana. Akarudi analia: mume hataki kutoka, anasema akikimbia ni kama amekiri. Na yeye hamwachi. Mtoto amempitisha dirishani kwa jirani. Kisha akaniletea kigoda. Nikakikataa — kuketi kwako kulikuwa chini, si juu ya kigoda. Akaniletea maji. Hayo nimeyanywa.

Baadaye ikatoka sauti ya kiume nyuma ya mlango huu: "Mwambie aondoke. Ataumia."

Ndiye. Sikuwahi kuisikia sauti yake. Ni ya kawaida tu, Tuketi, ya mtu mwenye mafua. Nilitaka iwe mbaya.

Nikaubana mgongo zaidi mlangoni.

Nawasikia sasa. Hawaimbi nyimbo zetu. Kona ya duka la vyuma — bango lenye picha yako limejitokeza, kubwa, linayumba. Shemeji yuko mbele. Ameniona. Amesimama, na walio nyuma wanamgonga mgongoni, wanauliza kuna nini.

"Shemeji, toka hapo!"

Natikisa kichwa.

"Nasema toka! Unatuaibisha!"

Mwingine anapaza sauti: "Kashalipwa huyo!" Simu zimeinuliwa, nyingi. Kidoti yupo, ana dumu mkono wa kulia. Ananitazama — leo ananitazama. Nimemwita kwa jina lake la utotoni, lile analoniruhusu mimi tu. Hajasogea. Dumu hajalitua.

Ndani mtu anasogeza meza kuzuia mlango. Naisikia kwa mgongo.

Shemeji anakuja peke yake. Nafunga daftari, niweke mikono magotini ulivyotufundisha, ionekane ni mitupu. Inatetemeka. Nadhani na yako ilitetemeka, hukuniambia tu.

Huko uliko, unikumbuke.