Kwa Nini Sitakuja Tarehe Kumi na Nne

Bweni la Wafanyakazi,
Chumba Na. 17,
Kiwanda cha Kusafishia Mafuta.
Jumapili, 2 Machi

Mpendwa Shangazi,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta na nafuu, umekaa kwenye kiti chako cha mlangoni, na jirani yetu fundi cherehani amekuja kukusomea kama kawaida yake. Naye namsalimu sana, ila namwomba asome kila neno kama lilivyo. Mara ya mwisho niliandika kwamba nimekonda, akakusomea kwamba nimenenepa ili usisikitike. Nilijua kwa sababu ulinijibu ukinipongeza kwa kitambi. Fundi, leo usitie kiraka.

Vipi macho? Lile wingu la jicho la kushoto limezidi, au limebaki pale pale? Na goti je, bado linakuamsha alfajiri? Umeniandikia kwamba tanuri lako la mikate umelifunika kwa bati mpaka utakapoona tena. Umefanya vizuri. Najua mikono inakuwasha, lakini litakungoja.

Mimi ni mzima. Mgongo unalalamika nikiinama, na nywele za mbele zimeanza kuniaga moja moja. Chakula napata, usingizi napata nusu. Uchovu ninao, lakini si ugonjwa.

Sasa nilitoe moyoni mapema, usije ukalisubiri barua nzima. Shangazi, sitakuja tarehe kumi na nne. Nilikuahidi kwamba siku ya kukufungua kitambaa machoni baada ya upasuaji, uso wa kwanza utakaouona utakuwa wangu. Likizo nilishapewa, karatasi ilishapigwa muhuri. Imefutwa, na sababu ni mimi mwenyewe. Nataka ulisikie kwangu kabla hujalisikia kwa mtu mwingine.

Itabidi nikueleze kidogo kazi yetu. Shule niliishia darasa la sita, kwa hiyo nitaeleza ninavyojua. Hapa tuna tanuru kubwa, ndugu mkubwa wa tanuri lako, refu kama nyumba ya ghorofa nne. Ndani yake moto wa gesi unawaka usiku na mchana. Mafuta machafu yanapita humo ndani ya mabomba, kwa njia nne, yanapata moto, halafu yanaingia kwenye mnara ambako yanatengana: mepesi yanapanda juu, mazito yanabaki chini. Joto likipungua hayatengani. Likizidi, mafuta yanaungua ndani ya bomba na kuganda kama masizi, na bomba lenyewe linaweza kupasuka motoni. Likipasuka, kati yetu tulio karibu hatabaki wa kuulizwa habari.

Kazi yangu ni kumsaidia fundi wa vipimo, ambaye tunamwita Koleo kwa vile koleo lake haliachi mkononi hata akienda kula. Tena kila saa nazunguka tanuru na kuchungulia motoni kwa vitundu vidogo vilivyo ukutani. Naangalia ndimi za moto zimesimama vipi na mabomba yana rangi gani, naandika daftarini.

Mwezi uliopita tulizima kila kitu kwa wiki tatu za matengenezo. Tulipowasha tena, siku ya pili tu, njia ya tatu ikaanza vituko. Wenzake watatu walikuwa nyuzi joto mia tatu na sitini. Yeye, kwenye skrini, mia tatu thelathini na tano.

Msimamizi wetu tunamwita Sajenti, kwa sababu anatembea mikono nyuma na hata chai anainywa akiwa amesimama. Akasema midomo ya gesi ya upande ule imeziba. Tukaitoa mmoja mmoja, tukaisugua, tukairudisha. Wapi! Akasema basi ni hewa. Tukafungua vilango vya hewa, tukavifunga, tukavifungua robo. Wapi! Mwisho akaamuru tupunguze mafuta yanayopita njia ya tatu, maana mafuta machache hupata moto upesi, kama maji machache kwenye sufuria. Hapo namba ikaanza kupanda. Mia tatu arobaini. Arobaini na tano. Sajenti akapiga makofi.

"Nimewaambia! Anaamka huyo. Mpunguzieni tena."

Alhamisi saa nane mchana nilikuwa kwenye mzunguko wangu. Nikachungulia. Mabomba ya njia ya kwanza, ya pili na ya nne yalikuwa meusi kama ilivyo desturi. Ya tatu yalikuwa na wekundu. Si ule wa kung'aa, Shangazi. Ni ule wekundu mzito wa ukuta wa tanuri lako, pale ulipokuwa ukinivuta sikio na kuniambia nisiingize mikate kwanza, itakuwa makaa. Wekundu ule siwezi kuusahau. Nimechomwa nao kiwiko, na kovu ninalo.

Nikasimama pale jasho linanitoka, nikajiuliza. Skrini inasema njia ya tatu imepoa. Macho yangu yanasema inaungua. Mmoja wetu ni mwongo. Ndipo nikakumbuka.

Kipimajoto chetu si kama kile cha hospitali. Ni ufito wa chuma mrefu kama mkono, unaoingizwa ndani ya ala ya chuma iliyochomekwa kwenye bomba. Ncha yake lazima iguse chini kabisa ya ala. Ikining'inia juu, inapima joto pungufu. Na kwa vile chini hapaonekani, tuna desturi yetu: kabla ya kuingiza, unapima kina cha ala kwa waya, unachora mstari wa chaki kwenye ufito, halafu unasukuma mpaka chaki izame. Kazi ya dakika kumi.

Wakati wa matengenezo Koleo alikuwa ameitwa ofisini. Akaniachia ufito wa njia ya tatu. King'ora cha chakula kilikuwa kimeshalia, foleni naiona inarefuka, na mgongo unaniuma. Nikasukuma, nikasikia umekwama, nikasema hapo ndipo chini. Nikakaza nati. Sikupima. Sikuchora chaki. Koleo aliporudi akaniuliza, "Umegusa chini?" Nikamjibu, "Nimegusa." Akaniamini, akatia sahihi yake. Nami nikaenda kula.

Kutoka tanuru hadi chumba cha kuongozea mitambo ni hatua mia mbili. Nilizitembea polepole kuliko ilivyostahili, nakuambia ukweli. Karatasi ya likizo ilikuwa mfukoni mwa shati. Nikapanga nitaje wekundu tu, nisitaje chaki. Wao wasomi, watajitafutia wenyewe.

Nikaingia, nikasema mabomba ya tatu yamekuwa mekundu. Sajenti hakugeuka hata shingo.

"Mekundu? Na hapa yanasoma mia tatu arobaini na nane? Macho yako yamechoka, bwana. Umefanya zamu mbili."

"Sajenti, nimeyaona."

"Umeona moto. Moto ni mwekundu tangu dunia iumbwe." Watu wakacheka. Akamwambia mwendeshaji, "Mwongezee gesi kidogo tumalize kesi hii. Mnara unaningoja."

Mwendeshaji akanyoosha mkono kwenye kibodi. Shangazi, ningekuwa na neno lingine la kumzuia ningelitumia. Sikuwa nalo. Nikasema kwa sauti ambayo hata mimi sikuijua, "Kipimajoto hicho nilikiweka mimi, na sikukipima. Kinadanganya. Msiongeze moto."

Kicheko kikakatika. Koleo alikuwa pembeni, koleo mkononi.

"Uliniambia umegusa chini," akasema.

"Nilikudanganya."

Alinitazama tu, na ningependa kama angenitukana.

Injinia wetu ni mama mmoja mfupi, mpole wa sauti, na akiongea polepole ndipo watu wanamwogopa zaidi. Alichukua kile kifaa cha kulenga kinachosoma joto kwa mbali, tukaenda naye kwenye kitundu. Akalenga, akasoma, akasoma tena. Akaagiza moto upunguzwe na mafuta ya njia ya tatu yafunguliwe yote, saa ile ile. Ilipofika saa kumi na moja wekundu ulikuwa umefifia. Bomba halikupasuka. Lakini limevimba kidogo, kama mshipa wa shingo, upana wa kiganja changu.

Tulipochomoa ufito tukakuta ulikuwa umebakiza vidole vinne kufika chini. Ndani ya ala kulikuwa na kutu iliyoganda kandokando; waya mwembamba ungepita, ufito ulizuiwa. Nikapata pumzi kidogo, nikamwonyesha injinia. Akaitazama ile kutu, akanitazama mimi.

"Kutu si yako," akasema. "Chaki ilikuwa yako."

Nimepewa barua ya onyo, imewekwa kwenye faili langu. Hilo nalimeza. Kilichoniuma ni likizo. Bomba lile litabadilishwa mwisho wa Mei, vipuri vikifika, na mpaka hapo tanuru litafanya kazi kwa moto mdogo, na lazima lichunguliwe kila saa na jicho linalojua kutofautisha weusi na wekundu. Injinia akasema aliyeona kwanza ndiye atakayelilinda.

Nilimwomba, Shangazi. Usidhani nilinyamaza. Nilimweleza wewe ni nani kwangu, kwamba mama aliniacha mikononi mwako nikiwa sijaota meno, na kwamba jicho lako linapasuliwa tarehe kumi na nne. Alivua kofia yake ya kazi, akaiweka mapajani.

"Ningekuwa na watatu wenye macho kama yako, ningekuachia," akasema. "Ninao wawili, na wa pili ni Sajenti."

Nilicheka bila kupenda. Naye akacheka. Lakini likizo ikabaki imefutwa. Kama lile bomba litapasuka nikiwa nyumbani nakunywa chai yako, hiyo chai itapita wapi?

Koleo alikaa siku mbili haniongeleshi. Jana jioni akaingia chumbani bila kubisha hodi, akarusha kitu kitandani kwangu, akatoka. Boksi zima la chaki. Leo asubuhi tumekula meza moja.

Sasa nisikilize, maana nakujua. Utataka kuahirisha upasuaji ili uningoje. Nakuomba usifanye hivyo. Daktari alishakwambia wingu likizidi kukomaa kazi itakuwa ngumu. Binamu fundi magari atakupeleka, nimeshamwandikia, na nimemwambia aoshe mikono ile yenye grisi kabla hajakushika. Uso wa kwanza utakuwa wake. Si mzuri sana, lakini ni wa nyumbani. Siku hiyo saa nne asubuhi nitakuwa kwenye kitundu changu, nachungulia, nikikuwaza wewe juu ya kitanda kile.

Tumefundishwa na wewe kusema ukweli, nami nilikudanganya mara nyingi kuhusu sukari iliyopungua koponi. Hili la chaki sikutaka liingie kwenye orodha ile.

Nisalimie binamu na mkewe, mwambie shemeji huyo sweta alilonifumia linanifaa ingawa mkono mmoja ni mrefu. Msalimie mjomba muuza vitabu, na dada mkubwa akipita hapo, mwambie sijamsahau, ni kalamu tu inayochoka. Salamu nyingi kwa fundi cherehani, ambaye natumaini amefika hapa bila kuruka.

Barua hii usiitupe. Iweke chini ya godoro, pale unapoweka vitu vya maana. Macho yakishapona uitoe, ukae mlangoni penye mwanga, uisome mwenyewe kuanzia juu mpaka chini, halafu uniandikie kwa mkono wako kama fundi alishona mahali. Jibu lako nitalisoma nikiwa tanuruni. Na mwisho wa Mei ukimwona mtu mwembamba, kipara kimeanza, anapita kona ya kwa kinyozi na begi begani, usiulize mtu huyo ni nani. Utakuwa unaona.

Mungu akutangulie chumba cha upasuaji, aushike mkono wa daktari usitetemeke, na akurudishe kwenye tanuri lako.

Ni mimi mwanao wa kulelewa, nikupendaye kila siku, na nisiye na kitambi.