Usiache Kazi, Apiyo Anaingia Darasa la Tano

Mamboleo,
S.L.P. 3146,
Kisumu.
21 Novemba 1998

Mpendwa Dada Dorca,

Pokea salamu nyingi kutoka kwetu sote. U hali gani huko Gaborone na joto lenu? Mgongo umepona? Sisi tu wazima. Kifua kimeacha kumsumbua Mama, na mvua imenyesha mpaka mtaro wa mbele ya nyumba unapiga kelele kama mto.

Natumaini hujampelekea mkubwa wako wa hospitali ile barua ya kuacha kazi. Simu ya wadi yenu nimejaribu, haipokelewi. Kama bado unayo, tafadhali soma hii yangu kwanza.

Ulipoandika kwamba binti yako Apiyo akirudia darasa la nne kwa ajili ya hesabu utarudi umfundishe mwenyewe, niliogopa sana. Ofisini kwetu wameweka intaneti. Nilimwomba Bwana Obiero, mkubwa wangu, niitumie baada ya kazi kumtafutia mtoto msaada, nikiwa nimesimama mbali na mashine yenyewe. Akacheka. "Lornah, hiyo ni kompyuta, si mamba. Keti."

Mtu wa kwanza niliyempata humo alituma majibu ya hesabu zote za Apiyo mara moja, bila hata kuuliza jina la mtoto. Nikayakagua kwa kalamu, mengine hayakuwa sawa. Nikaachana naye. Wa pili ni Mwalimu Wabwire, mtu wa Busia anayefundisha walimu Uingereza. Huyu naye sikumwamini hivi hivi. Nilimuuliza kwao ni wapi, kisha Walubengo wa ofisini akaniulizia huko. Ni mtu wa kweli. Mama yake anaimba kwaya moja na shangazi ya Walubengo.

Yeye hakutuma jibu hata moja. Alitaka nimwandikie makosa ya Apiyo yalivyo, bila kuyatengeneza. Kisha akauliza mbona hesabu za namba tupu anapata, za kuuza na kununua anakosa. Akasema nisimsahihishe. Apiyo auze, mimi niwe mteja.

Basi Jumamosi tuliketi jikoni na omena za Mama, wale dagaa ambao huwauza sokoni. Hesabu ilisema muuzaji ana vikombe ishirini na vinne vya dagaa, anawauzia wateja wanane vikombe viwili kila mmoja. Vinabaki vingapi? Jibu ni vinane, Apiyo alikuwa ameandika sita. Akanipimia vikombe viwili, halafu akachota tena kidogo akanitilia.

"Hiyo ya nini?"

"Nyongeza, Auntie. Robo kila mtu."

"Kitabu hakikusema nyongeza."

"Basi huyo muuzaji wa kitabu ni mchoyo. Kesho wateja wake wote wako kwa Mama Amolo, meza ya jirani."

Mama alicheka akashika mbavu. Mimi nilikuwa bado napiga hesabu: robo mara nane ni vikombe viwili, ndiyo maana akabaki na sita. Mtoto alikuwa ameitoa yote kwa kichwa, bila kukosea. Dada, karibu nilie. Miezi yote hiyo ya kumsaidia Mama sokoni, na sisi tukidhani hajui kutoa.

Jumatatu nikaenda naye shuleni. Unanijua mbele ya walimu, kwa hiyo nikamwacha aeleze mwenyewe. Mwalimu wake, Nasambu, akasema, "Na mimi hununua omena kwa nyanya yako." Akaahidi kumpa mtihani mwingine. Nilimwonya Apiyo jambo moja tu, kwamba kwenye karatasi anauza kama kitabu kilivyosema, hata akiona haya.

Amepita, Dada. Vizuri. Jana mwalimu mkuu aliweka sahihi, Januari anaingia darasa la tano.

Kwa hiyo chana hiyo barua, umalize mkataba wako. Mwalimu Wabwire ataendelea naye, na Bwana Obiero amekubali niendelee kutumia kompyuta.

Mama, kaka yetu Enos na Mama Amolo wanakusalimu. Nisalimie Nabututu mnayekaa naye. Mungu akulinde kazini na njiani. Apiyo anasema uje Krismasi, lakini uje likizo, si kwa sababu yake.

Ni mimi mdogo wako akupendaye,
Lornah