Kilio Halisi

Mwenzangu, nimetoka studio sasa hivi, hebu sikia.

Unamkumbuka yule mwandishi wa kitabu cha mtoto na mbwa wake, kile tunachowasomea wanetu mpaka tunalia sisi? Leo nilikuwa namrekodi akikisoma. Tulipofika pale wanapoagana, akasema anataka kilio halisi. Akamwingiza mbwa wake mwenyewe.

Akamkanyaga mguu. Makusudi! KWA KISIGINO!

Mbwa kalia, yeye ananigeukia: "Umeipata hiyo?"

Umeipata hiyo!!

Halafu yule mbwa akamfuata akichechemea, akamlamba mkono. Jitu likacheka: "Unaona? Ndiyo mapenzi ninayoyaandika."

Nimekifuta kile kilio mbele ya macho yake. Nikamwambia, "Sasa zamu yako. Lete mguu."