Petroli ya Julai

Mbotela, Julai

Kwako mwanangu Munene,

Mimi ni mzima, na pikapu bado inanguruma kama simba. Mama yako anakusalimu sana.

Baridi ya mwaka jana, pikapu ukiiendesha wewe, nilikuita mwizi wa petroli mbele ya majirani, ukaondoka. Mwaka huu naendesha mwenyewe, na ufunguo nalala nao. Petroli inaisha vilevile. Nilipompelekea gari fundi Tobias, alicheka, "Mzee, asubuhi ya baridi injini hunywa zaidi mpaka ipate moto. Na wewe ukifika soko la Gikomba hapo karibu unaizima kabla haijapata."

Nilimbishia, mimi niliyeendesha gari miaka arobaini. Halafu nikakumbuka ufunguo ninaolala nao, nikaja kukuandikia.

Wewe hukuiba. Kiti cha dereva sijakisogeza tangu uende, ingawa breki naifikia kwa shida.

Ni mimi baba yako,
Naftaly Wachira