Wifi Hakuacha Kazi

Nyumbani, chumba cha uani
Jumapili, tarehe 9 Machi

Mpendwa kaka yangu,

Hujambo lakini? Kifua kimepoa, au baridi ya huko bado inakutafuna? Sisi wazima. Mama goti ni lile lile, anachechemea, ila mdomo wake haujachechemea hata siku moja. Watoto wako wanakula kama mchwa.

Nimeona niandike, maana kwenye simu ungenikatiza kabla sijafika. Mwandiko wangu unaujua, kuku kapita kwenye majivu, vumilia tu.

Kaka, wifi hakuacha kazi. Alifukuzwa. Najua ulimpigia ukamwambia ni mvivu, kachoka kushona anataka kukaa, naye akanyamaza. Alinyamaza kwa ajili yangu.

Unakumbuka kiwanda kilivyoanza, cherehani nane sebuleni kwa bosi, anajua mpaka mtoto wa nani anakohoa. Sasa tuko tisini, jengo la ghorofa. Majina yamekwisha, tunaitwa kwa namba ya cherehani. Mimi mtu mzima na mjukuu wangu naitwa Arobaini na Moja. Ufunguo wa choo anakaa nao msimamizi, ukibanwa unamwomba mbele za watu, naye anakuuliza maji yote hayo ulikunywa ya nini.

Watu wakanung'unika mpaka bosi akasikia. Akaleta sanduku la maoni, limepakwa rangi nzuri, akasema andikeni yote, majina msiweke, hakuna atakayejulikana. Tukafurahi. Ila wengi wetu pale kalamu ni mzigo, na mimi na mdomo wangu nikazunguka kutangaza kwamba wifi yangu ana mwandiko wa kitabu, mpeni awaandikie. Basi saa ya kula akaandika karatasi za watu kumi na mmoja, kila mtu na lake, langu likiwa la choo. Yeye mwenyewe hakuandika lake. Alisema hana neno.

Ijumaa tukaitwa. Bosi kazipanga karatasi kwenye meza ya kukatia vitambaa, zote mwandiko mmoja, anatutazama kwa upole kabisa. Akasema, "Nilidhani kampuni ina matatizo kumi na moja. Kumbe ina mtu mmoja." Halafu akauliza kama kuna mwingine mwenye karatasi pale, anyooshe mkono.

Kaka, mimi ninayepiga soga na watu nisiowajua kwenye foleni, siku hiyo ulimi ulilala. Wote kumi na mmoja tukatazama viatu vyetu. Wifi alinitupia jicho mara moja tu, akaligeuza upesi watu wasije wakaniona. Akachukua mkasi wake na kimto chake cha kukalia, akatoka.

Jumanne nikapata moyo, nikaenda ofisini nikamwambia bosi lile la choo ni langu. Akacheka, akanimiminia chai kama zamani. "Arobaini na Moja, una roho nzuri, unamkinga wifi yako. Rudi kazini." Nikarudi, kaka. Chai niliinywa.

Jioni yake wakabandika tangazo ukutani, kwamba maoni yetu yamesikilizwa. Sanduku wameliondoa. Choo bado kina ufunguo. Na kwenye cherehani ya wifi keshakaa mwingine, wanamwita Thelathini kama walivyomwita yeye. Ukisikia kutoka mlangoni unadhani bado yupo.

Hapa nyumbani hajaniambia neno baya. Ananipakulia chakula, ananiuliza kama chumvi imetosha. Heri angenitukana.

Mpigie, umtake radhi. Siku zote nikikupa habari nasema usimwambie mtu. Hii waambie wote, na useme ni mimi.

Nisalimie baba mdogo, na yule fundi bomba mnayekaa naye, aache kukoroma. Mama anakuombea kila alfajiri. Mungu akushike mkono huko ulipo.

Ni mimi dada yako, nikupendaye hata ukininunia.